Mbadala wa Chakula cha Mifugo: Tujue Kazi Yake, Tujue na Kipimo Chake

Katika vikundi vya ufugaji tunavyovitembelea, swali linaloulizwa kuliko yote ni hili: "Chakula cha dukani kimepanda bei, tuchanganye nini badala yake?" Ni swali la haki. Kwa mfugaji wa kuku wa mayai, chakula huchukua kati ya asilimia 60 na 70 ya gharama zote. Kuku 100 wanaotaga hula kilo 12 hivi kila siku, watage wasitage. Mama aliyetegemea mayai kulipa ada ya shule hawezi kusubiri bei ishuke.

Lakini tumeona pia jibu la haraka likileta hasara kubwa kuliko bei yenyewe: kuku wanaacha kutaga, maganda ya mayai yanakuwa laini, vifaranga wanadumaa. Mara nyingi kosa si kutumia mbadala. Kosa ni kutumia mbadala bila kujua unafanya kazi gani na una masharti gani. Somo letu katika toleo hili ni hilo. Tutatumia mfano wa kuku wa mayai, na pale ng'ombe na mbuzi wanapotofautiana na kuku tutaeleza.

1. Malighafi na viongeza ni vitu viwili

Malighafi ni vile vinavyojaza gunia: mahindi, pumba, mashudu, dagaa, soya. Hivi ndivyo vinavyoleta nguvu na protini. Viongeza ni vile vinavyotiwa kwa gramu: mchanganyiko wa vitamini na madini (wafugaji wanaujua kwa jina la "primiksi"), vimeng'enya vya kusaidia usagaji wa chakula tumboni, asidi amino za viwandani, na dawa za kupunguza sumu ya ukungu.

Kiongeza hakichukui nafasi ya malighafi. Kuku anayekula pumba tupu hataokolewa na primiksi, kama vile mtu mwenye njaa asivyoshibishwa na chumvi. Tujaze kwanza sufuria, ndipo tuitie chumvi.

2. Tuanze na hesabu ya protini

Kuku anayetaga anahitaji chakula chenye protini ya asilimia 16 hadi 17. Viwango vya karibu vya malighafi zetu ni hivi:

- Mahindi: asilimia 9
- Pumba za mahindi: asilimia 11
- Mashudu ya alizeti yenye maganda: asilimia 26
- Soya iliyokaangwa: asilimia 38
- Dagaa wasio na mchanga: asilimia 55

Viwango hivi hupanda na kushuka kulingana na ubora wa mali. Sasa tuchanganye karibu kilo 100:

- Mahindi yaliyoparazwa kilo 42
- Pumba za mahindi kilo 19
- Mashudu ya alizeti kilo 20
- Dagaa waliosagwa kilo 9
- Chokaa ya mifugo kilo 7
- Mifupa iliyochomwa na kusagwa kilo 2
- Chumvi gramu 300
- Primiksi ya kuku wa mayai gramu 250, au kama kibandiko kinavyoelekeza

Ili kujua protini, tunazidisha kilo za kila kitu kwa asilimia yake, kisha tunagawa kwa 100. Mahindi yanaleta kilo 3.8, pumba 2.1, mashudu 5.2, dagaa 5.0. Jumla ni kilo 16 na kidogo katika kilo 100, yaani asilimia 16. Hesabu hii inafanyika kwa kalamu na daftari, na kila kikundi kiwe na mtu anayeiweza.

Chokaa ni ya ganda la yai. Tusitumie chokaa ya kupaka nyumba. Na dagaa wakiwa wametiwa chumvi, tupunguze au tuache kabisa chumvi ya kuongeza, kwa maana chumvi nyingi huua kuku.

3. Dagaa wakipanda bei

Dagaa ndio wa kwanza kuwa ghali, tena ni chakula cha watu. Gunia linalokwenda kwa kuku limetoka kwenye mboga ya nyumba nyingine. Kwa hiyo kutafuta mbadala wake ni jambo jema. Tuulize mambo mawili.

Kwanza, protini yake inauzwa bei gani? Tusilinganishe bei ya kilo ya mali, tulinganishe bei ya kilo ya protini. Tuchukulie dagaa ni shilingi 3,000 kwa kilo na soya ni shilingi 1,800. Gawa 3,000 kwa 0.55, unapata kama shilingi 5,450. Gawa 1,800 kwa 0.38, unapata kama shilingi 4,740. Hapo soya ni nafuu. Lakini dagaa wengi hukaushwa juu ya mchanga wa ufukweni. Mchanga ukichukua karibu nusu ya uzito, protini hushuka hadi asilimia 30 hivi, na kilo moja ya protini inafika shilingi 10,000. Kabla ya kununua, twanga dagaa kidogo, weka kwenye chombo cha kioo chenye maji, koroga, subiri. Mchanga utatuama chini nawe utauona.

Pili, protini yake ni ya namna gani? Protini imejengwa kwa asidi amino, kama nyumba ilivyojengwa kwa matofali ya aina mbalimbali. Aina moja ikikosekana, ujenzi unasimama hata kama nyingine zimejaa. Mahindi na alizeti vina upungufu wa laisini. Soya ina laisini nyingi lakini methionini yake ni kidogo, na alizeti ina methionini ya kutosha. Bibi zetu walipika makande kwa hekima hiyo hiyo: mahindi na maharage, kila kimoja kikifidia upungufu wa mwenzake. Kwa hiyo dagaa kilo 9 wanaweza kubadilishwa kwa soya iliyokaangwa kilo 14, na pumba zikapunguzwa kutoka kilo 19 hadi 14. Tukipiga hesabu tena tunapata karibu asilimia 16 ile ile. Hapo sasa kiongeza kina kazi ya kweli, kwa kuwa mimea haina vitamini B12 ambayo dagaa wanayo. Mfugaji aliyeondoa dagaa asiache primiksi, na ahakikishe kibandiko kinataja B12 na methionini. Kama methionini haimo, ainunue peke yake.

4. Kila mbadala una masharti yake

Soya. Soya mbichi ina kitu kinachozuia protini isisagwe tumboni. Kuku anakula, anashiba, lakini hakui. Chemsha kwenye maji yanayotokota kwa nusu saa kisha anika, au kaanga mpaka igeuke rangi na kutoa harufu nzuri, bila kuiunguza.

Mashudu ya pamba. Mbegu ya pamba ina sumu iitwayo gosipoli. Ng'ombe mkubwa huistahimili kwa kiasi kwa sababu tumbo lake la kwanza huifunga. Kuku, nguruwe na ndama hawana kinga hiyo. Kwa kuku wa mayai, kiini hugeuka rangi na kuwa cha kijani kibichi au kahawia yai likihifadhiwa. Mashudu haya tuwaachie ng'ombe wakubwa, tena kwa kiasi.

Lusina. Majani yake yakikaushwa yana protini ya asilimia 20 na zaidi, na hukifanya kiini cha yai kiwe cha njano, rangi ambayo mahindi meupe hayawezi kuileta. Lakini yana sumu iitwayo mimosini. Kwa kuku tusivuke kilo 5 katika kilo 100. Kwa ng'ombe na mbuzi yasizidi theluthi moja ya malisho ya siku. Mnyama aliyezidishiwa hunyonyoka manyoya na kuvimba tezi la shingo.

Muhogo. Unaweza kuchukua nafasi ya sehemu ya mahindi, kwa kuwa una nguvu nyingi. Umenywe, ukatwe vipande vyembamba na ukaushwe juani vizuri ili sumu ya sianidi ipungue. Tukumbuke pia kwamba muhogo una protini ya asilimia 2 au 3 tu. Anayeondoa mahindi na kutia muhogo lazima aongeze soya au mashudu, la sivyo mayai yatapungua.

Funza wa nzi mweusi. Hawa si funza wa nzi wa nyumbani. Wakikaushwa wana protini ya karibu asilimia 40, na hufugwa kwa mabaki ya jikoni na sokoni. Walishwe mabaki yasiyo na kemikali, wachovywe katika maji ya moto, kisha wakaushwe kabla ya kusagwa.

Damu, nyama na mifupa. Kuku wanaweza kupewa damu iliyochemshwa na kukaushwa vizuri. Lakini tusiwape ng'ombe, mbuzi wala kondoo kitu chochote chenye damu, nyama au mifupa. Ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe uliotambuliwa Uingereza mwaka 1986 ulienea kwa njia hiyo: ng'ombe walilishwa unga wa nyama na mifupa ya wanyama wenzao, na baadaye hata watu waliokula nyama yao walikufa. Ng'ombe wa maziwa tumnunulie madini yake dukani.

5. Mahindi yenye ukungu si chakula cha kuku

Katika nyumba nyingi, mahindi yakiota ukungu husemwa, "Hayo wapeni kuku." Ndugu, hapa tunaomba tusikilizane vizuri. Mwaka 1960 huko Uingereza zaidi ya bata mzinga 100,000 walikufa baada ya kulishwa mashudu ya karanga yenye ukungu. Kifo chao ndicho kilichowafanya wataalamu wagundue sumu tunayoiita leo sumukuvu. Mwaka 2004 sumu hiyo iliwaugua watu 317 mashariki mwa Kenya kwa njia ya mahindi, na 125 kati yao walifariki. Mwaka 2016 ilileta vifo hapa kwetu Tanzania, katika mikoa ya Dodoma na Manyara.

Sumukuvu huharibu ini la kuku, hupunguza mayai na kuidhoofisha kinga ya mwili, hata chanjo zisifanye kazi vizuri. Ng'ombe akiila, sehemu yake hutoka katika maziwa, na maziwa hayo hunywewa na watoto. Kupika hakuiondoi. Kuchanganya mahindi mabovu na mazima hakuiondoi pia, bali huisambaza. Zipo dawa za udongo maalumu zinazotiwa katika chakula ili kuifunga sumu tumboni. Husaidia kupunguza madhara, lakini hazifanyi chakula kibovu kuwa kizima.

Kinga ni ukaushaji. Tia konzi ya mahindi na kijiko cha chumvi kavu kwenye chupa ya kioo iliyo kavu, tikisa kwa dakika chache, kisha iache itulie. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi bado ni mabichi, rudisha juani. Yaliyokauka yahifadhiwe juu ya chaga, mbali na ukuta.

6. Viongeza: kipi ni cha lazima, kipi si cha lazima

Primiksi ni ya lazima kwa kuku wanaofungiwa bandani. Kwa kuwa ni gramu chache, huharibika kwa kuchanganywa vibaya. Changanya kwanza na pumba kilo 2, kisha na kilo 10, ndipo uitie katika lundo lote na kuligeuza kwa koleo mara tano au sita. Angalia tarehe ya mwisho wa matumizi na uihifadhi mbali na jua.

Antibayotiki si kiongeza cha chakula. Wako wafugaji wanaozitia kila siku kwenye maji wakiziita "vitamini" kwa sababu pakiti moja imechanganya vyote viwili. Sweden ilipiga marufuku kuzitumia kwa kukuzia mifugo mwaka 1986, na Umoja wa Ulaya wote ukafuata kuanzia Januari 1, 2006. Sababu ni kwamba vimelea huzoea dawa, na siku mtoto anapougua, dawa ile ile haimponyi. Dawa itolewe kuku wakiugua, kwa ushauri wa afisa mifugo, na mayai yasiliwe wala kuuzwa mpaka siku zilizoandikwa kwenye kibandiko ziishe.

Mwisho, badiliko lolote lifanywe polepole kwa siku 7 hadi 10, na idadi ya mayai iandikwe kila siku. Daftari litasema kama mbadala unafaa kabla mfuko haujasema.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Ni malighafi gani zinapatikana katika kijiji chetu, na miezi gani bei yake ni ya chini?
2. Kwa bei za wiki hii, kilo moja ya protini ya dagaa, ya soya na ya mashudu ni shilingi ngapi?
3. Mahindi yenye ukungu katika nyumba zetu huishia wapi?
4. Nani ana pakiti ya dawa au vitamini nyumbani? Ailete, tusome kibandiko pamoja.

Kazi ya nyumbani: kwa kikao kijacho kila mwanakikundi alete kikombe kimoja cha dagaa au mahindi anayolisha mifugo yake. Tutavipima kwa maji na kwa chumvi mbele ya wote. Kikundi kinachotaka kujua protini ya mashudu yake kwa uhakika kimwone afisa mifugo wa kata, awasaidie kupeleka sampuli maabara. Gharama ikigawanywa kwa wanakikundi wote ni ndogo kuliko hasara ya mwezi mmoja wa kuku wasiotaga.