Linda Muhuri Wako

Andiko: 1 Wafalme 21:1-19. Soma pia Mwanzo 38:12-26.

Tukifundisha habari za shamba la Nabothi, mara nyingi tunahubiri tamaa ya Ahabu na ukatili wa Yezebeli. Wiki hii nawaomba tutazame kitu kidogo ambacho huwa tunakipita mbio: muhuri. Yezebeli hakuwa mfalme. Alichofanya ni kuandika barua kwa jina la mume wake, akazitia muhuri wa mume wake, akazituma kwa wazee wa mji. Wazee waliona muhuri, wakatii bila kuuliza. Nabothi, mtu asiye na kosa, akapigwa mawe.

Siku zile muhuri ndio uliokuwa kitambulisho. Ndiyo maana Tamari alipodai rehani kwa Yuda, aliomba muhuri, kamba na fimbo. Alijua vitu hivyo vikionyeshwa, hakuna atakayeuliza vilikuwa vya nani.

Sisi leo muhuri wetu ni namba. Kuna namba ya kitambulisho, PIN ya KRA, namba ya simu, na ile PIN ya M-Pesa. Anayezishika anaweza kukopa, kusajili laini na kutoa pesa kwa jina lako. Somo letu ni hili: kulinda namba hizi ni sehemu ya uwakili, na asiyeuliza maswali anaweza kumsaidia mwizi bila kujua.

Deni linamfuata mwenye muhuri

Baba mmoja katika kikundi chetu cha nyumbani, fundi wa mbao, alienda kuomba mkopo wa karo mwezi wa kwanza. Akaambiwa jina lake liko CRB, ati hajalipa mkopo wa simu. Yeye hajawahi kukopa kwa simu. Nilikaa naye tukapiga *106#, tukakuta laini mbili zimesajiliwa kwa kitambulisho chake na yeye hazijui. Kuondoa hizo laini, kuandikisha taarifa polisi na kuwaandikia waliotoa mkopo kulichukua wiki nyingi. Kijana wake aliripoti shuleni wenzake wakiwa wameshaanza masomo.

Ahabu alikuwa na hatia yake, maana alinyamaza na akaenda kulichukua shamba. Fundi wetu hana hatia yoyote. Lakini jambo moja linafanana: kilichofanywa kwa muhuri kilirudi kuulizwa kwa mwenye muhuri. Mkopeshaji hamjui mwizi. Anakujua wewe.

Aina mbili za namba

Katika biashara tunajifunza kutofautisha kitu cha kuonyesha na kitu cha kuficha. Namba ya kitambulisho, ya simu na PIN ya KRA ni za kuonyesha, lakini kwa sababu maalum tu. PIN ya M-Pesa, PIN ya kadi ya benki, na zile namba zinazoingia kwa meseji ili uthibitishe jambo, hizo ni za kuficha. Haziambiwi ajenti, wala mtoto, wala mchungaji. Mtu akikupigia akaziomba, hata akikuita mtumishi wa Mungu na kukutajia jina la mama yako, huyo ni mwizi. Kata simu.

Mwizi hachukui zote mara moja. Namba ya kitambulisho anaipata kwa kitabu cha getini, jina na simu anavipata kwa grupu ya WhatsApp, halafu anakupigia akivitaja vyote ili umwamini, umpe ile moja iliyobaki. Kumbuka Samsoni na Delila. Siri haikutoka siku ya kwanza. Aliulizwa na kuulizwa tena mpaka akachoka.

Mambo ya kufanya wiki hii

Kwanza, badilisha PIN kama ni mwaka wako wa kuzaliwa. Tarakimu nne zina mipangilio 10,000. Ukitumia mwaka wa kuzaliwa, mwizi amebakiwa na isiyofika 100 ya kujaribu, na kama amekuibia pochi na simu pamoja, mwaka wenyewe ameshausoma kwa kitambulisho.

Pili, piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Rudia kwa laini ya kila mtandao unaotumia. Ukiona usiyoijua, nenda kwa ofisi ya mtandao huo iondolewe.

Tatu, kama uko Safaricom, piga *100*100# ili mtu asiweze kukubadilishia laini huku umelala. Safaricom hupigia wateja kutoka 0722000000, na meseji za ulaghai unaweza kuzipeleka 333 bila malipo. Simu yako ikipoteza mtandao ghafla na za wenzako ziko sawa, usingoje mpaka kesho. Tumia simu ya jirani uwapigie watu wa mtandao wako.

Nne, ukiacha kopi ya kitambulisho mahali, andika juu yake kwa kalamu: ni ya kazi gani, ya nani, na tarehe. Kopi iliyoandikwa hivyo ni ngumu kutumiwa kwingine. Kitambulisho kikipotea, ripoti polisi siku hiyo hiyo, upewe abstrakti na uiweke vizuri. Siku moja itakutetea.

Tano, omba ripoti yako ya CRB hata kama huhitaji mkopo. Afadhali ujue mapema kuliko kujua siku ya karo.

Kuuliza si kukosa imani

Wengi wetu tunaona haya kuuliza. Askari wa getini akisema andika ID, tunaandika. Lakini Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na inakupa haki ya kujua taarifa zako zinachukuliwa za nini, na haki ya kutaka zirekebishwe zikiwa na makosa. Mwezi wa Juni 2021 Wakenya wengi walikagua usajili wa vyama vya siasa wakakuta wameandikishwa vyama ambavyo hawakuwahi kujiunga navyo. Walijua kwa sababu waliuliza. Wazee wa Yezreeli wangemtuma mtu mmoja tu kwa mfalme kumwuliza kama kweli barua ni yake, hadithi ingekuwa nyingine. Basi ukipata meseji ya mchungaji ati ametuma namba mpya na anahitaji pesa haraka, nipigie kwa namba yangu unayoijua. Sitakasirika. Nitashukuru.

Na kanisa lenyewe je?

Haki inaanza nyumba ya Mungu. Sisi pia tuna vitabu: vya wageni, vya harusi, vya vyama vya akina mama, vya safari za vijana. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka hadharani picha za watoto bila idhini ya wazazi. Kama shule iliulizwa, kanisa nalo litaulizwa. Kwa hivyo naomba viongozi wa vikundi wafanye mambo matatu. Msiombe namba ya kitambulisho kama jina na simu vinatosha. Msitume picha za vitambulisho kwa grupu, hata ya safari. Mtu amtumie mwekahazina peke yake. Na orodha ikimaliza kazi, ichomwe au ichanwe, isigeuzwe karatasi ya kufungia mandazi.

Kuna wazee kati yetu ambao humpa kijana yeyote simu awatolee pesa, na wanamtajia PIN kwa sauti kwenye foleni. Wao ndio akina Nabothi wa leo. Jumapili baada ya ibada, keti na mmoja wao, mfundishe kubonyeza PIN mwenyewe, na wewe ugeuze uso.

Maswali ya kikundi cha nyumbani

1. Wazee wa Yezreeli wangeuliza nini kabla ya kutii barua?
2. Wiki hii umeacha namba yako ya kitambulisho wapi, na kwa sababu gani?
3. Ni mzee gani katika kikundi chenu anayehitaji msaada, na nani atamtembelea?

Ombi: Bwana atupe busara ya kutunza tulichopewa, na ujasiri wa kuuliza. Amina.