Usiguse Faili la Asili

Mdogo wangu wa komini ya Kikula, ujumbe wako nimeusoma. Unaniandikia: "Yaya, simu yangu ni Tecno, rafiki ya kaka yangu ameshaipa ruti. Nataka kufuta programu za matangazo zinazokula mega zangu, nibadilishe build.prop ili maandishi yawe madogo, na niweke hosts mpya. Video inasema ni dakika tano. Nianzie wapi?"

Anza kwa kutofuta kitu leo. Sikukatazi kuifungua simu yako; nawapenda wasichana wanaotaka kujua kilichomo ndani ya chombo wanachokishika mchana kutwa. Ila hapa Likasi simu si ya kupigia tu. Wateja wa vitenge wako WhatsApp, mchango wa msiba unapita M-Pesa, ada ya shule ya mdogo wako inatumwa kwa Airtel Money au Orange Money. Kobalti ya betri inatoka katika ardhi hii ya Katanga, lakini simu yenyewe inaturudia kwa dola, na wengi wetu tunayo moja tu. Ikizima, hakuna nyingine kwenye droo.

Kwa hiyo swali langu la kwanza kwako: unataka nini hasa? Nimeyapima maombi yako matatu, na hakuna hata moja linalohitaji uguse faili la mfumo.

Tuanze na programu za matangazo. Fungua mipangilio, ingia kwenye programu yenyewe, utafute "Désactiver". Ikizimwa hapo haiendeshwi tena wala haili mega. Kama kitufe hicho hakibonyezeki, tumia kompyuta na kebo: washa "Débogage USB" ndani ya "Options pour les développeurs", kisha andika adb shell pm uninstall --user 0, ukimalizia na jina kamili la programu. Amri hii inaiondoa programu kwako wewe mtumiaji, lakini faili lake linabaki salama katika mfumo. Ukigundua kesho kwamba umeondoa kitu ulichokuwa unakihitaji, unaandika adb shell cmd package install-existing na jina lile lile, inarudi. Mwenye kuingia kwa ruti, yaani ruhusa kuu ya mfumo, akafuta folda nzima ya programu hana njia nyepesi ya kurudi kama hiyo. Na usiondoe kitu usichokijua kazi yake. Majina mengine yanaonekana kama takataka, kumbe ndiyo yanayobeba skrini ya mwanzo, kibodi au laini ya SIM.

Matangazo ya kwenye tovuti na ndani ya michezo ndiyo yanayowafanya watu wakimbilie hosts, faili la mfumo linaloweza kuzuia tovuti. Kama simu yako ina Android 9 au toleo la baadaye, ingia kwenye mipangilio ya mtandao, tafuta "DNS privé", uandike dns.adguard-dns.com. Mengi ya matangazo hayo yatakoma. Jina hilo likikukorofisha, unalitoa kwa sekunde chache.

Na maandishi madogo? Ndani ya Options pour les développeurs kuna "Largeur minimale". Ukiongeza namba, kila kitu kwenye skrini kinapungua ukubwa. Kwa kompyuta ni adb shell wm density na namba unayoitaka, ila hapo ni kinyume: ukipunguza namba ndipo vitu vinapungua. Ukikosea, adb shell wm density reset inarudisha ya kiwanda. Wangapi wameharibu build.prop kwa ajili ya jambo hili dogo!

Kuna aina moja ya matangazo ambayo njia hizi haziitibu, na ni lazima niiseme kwa sababu imezigusa simu zinazouzwa Afrika. Mwaka 2020 kampuni ya usalama ya Upstream, kupitia kitengo chake cha Secure-D, ilitoa ripoti kuhusu Tecno W2. Ilikuta simu zilizotoka dukani zikiwa tayari na virusi vya Triada, vinavyoleta kirusi kingine kiitwacho xHelper, na hivyo vilikuwa vikiwaandikisha watu huduma za kulipia bila wao kujua na kuwamalizia salio. Nchi zilizotajwa zaidi ni Misri, Ethiopia, Afrika Kusini, Kameruni na Ghana. Kampuni inayomiliki Tecno ilisema kosa liliingia kupitia mtoa huduma mwingine katika mnyororo wa utengenezaji, ikatoa marekebisho. Mwaka huo huo Kaspersky walieleza kwa nini xHelper haitoki hata ukiirudisha simu kwenye hali ya kiwanda: inajipatia ruti, inajinakili ndani ya patisheni ya mfumo, inayawekea mafaili yake alama ya kutofutika, halafu inabadilisha maktaba ya libc.so ili wewe usiweze kuifungua patisheni hiyo kwa kuandika.

Basi kama simu yako inajipakia programu zenyewe usiku, unazifuta asubuhi na jioni zimerudi, usianze kupambana na faili moja moja. Dawa yake ni kuandika upya programu nzima ya kiwanda, iliyotoka mahali pa kuaminika, kwa modeli yako na toleo lako. Kama programu ya kiwanda ndiyo iliyokuja na ugonjwa, simu hiyo usiiwekee pesa.

Sasa, najua kuna anayesoma mpaka hapa akisema: Yaya, yote nimeelewa, lakini mimi nahitaji kweli. Pengine anataka hosts yake mwenyewe yenye tovuti anazozichagua, au anataka kupandisha sauti ya spika iliyo chini mno, ambayo katika simu nyingi hupangwa kwenye mixer_paths.xml. Huyo tukae naye.

Jua kwanza kwamba video nyingi zinazozunguka zinafundisha simu za zamani. Zamani uliandika mount -o remount,rw /system, ukahariri, ukafunga. Google ilianza kuweka ulinzi wa dm-verity katika Android 4.4, na kuanzia Android 7 simu zilizotoka nayo hukagua mfumo na kukataa kuwaka ukiwa umeguswa. Zilizotoka na Android 10, mwaka 2019, zinaweka system, vendor na product ndani ya patisheni moja kubwa iitwayo super, na nyingi za sasa zinatumia mfumo wa mafaili wa EROFS, ambao kwa asili yake ni wa kusoma tu. Ukiona simu inasema "Read-only file system", usiilazimishe kwa programu ya mtu usiyemjua. Simu haijakosea.

Njia ninayoikubali ni ya Magisk, iliyoandikwa na John Wu na kutoka mwaka 2016. Magisk haiandiki ndani ya /system. Inabadilisha faili la buti tu, halafu simu inapowaka inatandika faili lako juu ya lile la asili, kama kitambaa juu ya meza. Ukikitoa kitambaa, meza iko vile vile.

Kabla ya kutandika chochote, tayarisha njia ya kurudi. Hifadhi picha na mazungumzo mahali pengine. Nakili namba kamili ya toleo, "Numéro de build", utafute programu ya kiwanda yenye namba hiyo hiyo. Iliyo ya modeli jirani haifai hata kama jina la dukani linafanana. Weka boot.img ya asili kwenye kompyuta. Simu zilizotoka na Android 13 mara nyingi zinahitaji init_boot.img badala yake. Halafu, kwa simu zenye chipu ya MediaTek, ambazo ni nyingi miongoni mwa Tecno na Infinix zetu, chukua nakala za patisheni za nvram na nvdata. Humo ndimo ilimo IMEI, namba inayoitambulisha simu, na vipimo vya redio vya simu yako peke yake. Hakuna tovuti inayoweza kukupa za kwako zikipotea. Zikae kwenye kompyuta au flashi. Nakala iliyobaki ndani ya simu itazama pamoja na simu.

Betri iwe imejaa, na kompyuta iwe na chaji yake, kwa sababu SNEL haitakungoja umalize kuandika patisheni ndipo ikate umeme. Kebo iliyolegea nayo iache.

Kazi yenyewe sasa. Nakili faili la asili kwenda kwenye folda yako, uhariri nakala. Ukitumia kompyuta ya Windows, chagua programu ya maandishi inayohifadhi miisho ya mistari ya Linux, kwa maana alama moja ya ziada isiyoonekana mwishoni mwa mstari inaweza kulifanya faili zima lisieleweke. Tengeneza folda ndani ya /data/adb/modules, ndiyo moduli yako, uipe jina unalolichagua, uweke module.prop inayoitambulisha, kisha ujenge njia ile ile ya asili: hosts itakaa katika system/etc/hosts ndani ya folda hiyo. Kwa mambo ya build.prop usilete build.prop nzima. Andika mstari mmoja unaoutaka ndani ya faili liitwalo system.prop, basi.

Halafu ruhusa. Hapa ndipo wengi wanapoanguka, hata waliohariri vizuri. Mafaili ya kawaida ya mfumo yanataka 0644 na mwenyewe awe root, folda zinataka 0755. Faili likiachwa na 0777 "ili lifanye kazi" linaweza kukataliwa au kufungua mlango kwa programu nyingine. SELinux nayo ina lebo zake. Usiizime ili jambo lako lipite, maana ukiizima umeondoa ukuta uliobaki kati ya programu zako.

Badilisha jambo moja, washa simu upya, itumie siku nzima, piga simu, tuma pesa kidogo, ndipo uende la pili. Na sauti ya spika panda kwa hatua ndogo. Spika iliyoungua hairudishwi na moduli.

Wasichana wangu, kuna jambo nataka tulizungumze polepole. Aliyekupa ruti ni nani? Programu yenye ruti inaweza kusoma ujumbe wako, picha zako, na unachoandika kwenye kibodi, namba ya siri ya pesa ikiwamo. Kama simu iliguswa na fundi au mchumba, fungua Magisk sehemu ya walioruhusiwa, uangalie kila jina. Usilolijua, lizime. Tazama pia orodha ya moduli. Kama hukuomba ruti na umeikuta, una haki ya kuitoa: hifadhi vitu vyako, andika upya programu ya kiwanda, badilisha namba za siri zote. Anayekupenda hatakasirika kwa hilo, na akikasirika umejua jambo la maana. Uwe tayari pia kuona programu za benki zikikataa kufunguka, kwa kuwa zinauliza Play Integrity ya Google kama simu ni salama. Pesa za simu kwa menyu ya namba za nyota zinaendelea, kwa hiyo usikubali kulipa mtu "akufichie ruti" kwa ajili hiyo tu. Wenye Samsung wajue kwamba wakiweka programu isiyo ya kampuni, alama ya Knox ndani ya simu inavunjika na haiungwi tena. Secure Folder inaondoka moja kwa moja.

Na fundi akikwambia IMEI imepotea, atakuandikia nyingine, kataa. Tulijifunza uzito wa namba hiyo wakati wa RAM, ada iliyokuwa ikikatwa kwenye unite zetu kuanzia 2020 hadi ilipofutwa 2022: kwa IMEI simu inajulikana mtandaoni. Namba ya simu nyingine inaweza kuwa ya simu iliyoibwa, na maswali yatakufuata wewe. Rudisha nvram yako uliyoihifadhi.

Ikitokea simu imekwama kwenye nembo, usibonyeze ovyo. Iwashe katika "Mode sans échec". Kwa simu nyingi ni kushikilia kitufe cha kupunguza sauti nembo inapotokea. Magisk ikiiona hali hiyo inazima moduli zote, na ukiwasha tena kawaida simu inafunguka, wewe unatoa moduli iliyokosea. Kama Débogage USB ulikuwa umeiwasha na kompyuta hiyo umeshaikubali, andika adb wait-for-device shell magisk --remove-modules wakati simu inahangaika kuwaka. Ikishindikana, irudishie boot.img (au init_boot.img) ya asili kutoka kompyuta kwa fastboot: ruti itaondoka na moduli hazitapakiwa. La mwisho kabisa ni programu nzima ya kiwanda. Ukiwa kwenye SP Flash Tool, programu ya kuandikia simu za MediaTek, wewe au fundi wako, chagua "Download Only". Kile kilichoandikwa "Format All + Download" kinafuta nvram pamoja na IMEI yako, kwa hiyo simama karibu na fundi, utazame mwenyewe amechagua kipi kabla hajaunganisha kebo.