Zahanati Yenu Inawafaa Akina Mama? Namna ya Kupima Huduma ya Afya ya Kaunti, Kakamega

Mwaka wa fedha unapofungwa Juni 30, ripoti za kaunti hujaa idadi: akina mama waliohudumiwa, watoto waliochanjwa, vyandarua vilivyogawiwa, wahudumu waliopewa mafunzo. Idadi hizo zina kazi yake, maana zinaonyesha pesa zilikokwenda. Lakini mama wa Shinyalu au Khwisero aliyejikokota hadi zahanati akiwa na mimba ya miezi minane hakwenda ili ahesabiwe. Alitaka ajifungue salama, arudi nyumbani na mtoto aliye hai, na mtoto huyo afike mwaka wa pili akiwa na chanjo zote. Hayo ndiyo ya kupimwa. Mjumbe wa kamati ya kituo, mhudumu wa afya ya jamii, au kikundi cha akina mama kinaweza kuyafuatilia kwa daftari na kalamu, mradi wajue waulize nini.

Kakamega ni mahali pazuri pa kujifunzia jambo hili, kwa sababu kaunti hii iliwahi kuifunga pesa na matokeo kwa kamba moja. Mwaka 2013, chini ya Gavana Wycliffe Oparanya, ulianzishwa mpango uliokuja kujulikana kama Imarisha Afya ya Mama na Mtoto, ambao wengi waliuita Oparanya Care. UNICEF iliuunga mkono, na mwaka 2017 bunge la kaunti likautungia sheria. Mama mjamzito kutoka familia maskini alipewa shilingi 12,000 kwa awamu sita, 2,000 kila awamu, ilimradi ahudhurie kliniki, ajifungulie kituoni na ampeleke mtoto kwa chanjo hadi afikishe miezi 18. Pesa ya bodaboda, sabuni na chakula ilipatikana, na mama alikuwa na sababu ya kurudi.

Mpango wa namna hiyo hupimwaje? Njia rahisi ni kuhesabu waliolipwa, na hapo ndipo wengi hukwama. Kulipwa ni jambo la ofisi ya fedha. Anza na kundi moja la akina mama na ulifuate hadi mwisho. Tuseme zahanati yenu iliandikisha wajawazito 60 waliokuja kliniki mara ya kwanza kati ya Januari na Machi. Kati yao, wangapi walifikisha mahudhurio manne? Wangapi walijifungulia kituoni, pale au kwingine? Wangapi walirudi kupimwa baada ya kujifungua? Ukikuta 60, kisha 38, kisha 41, kisha 19, umejua mengi kuliko utakayoyapata katika ripoti inayosema "mahudhurio 400". Mahudhurio 400 yanaweza kuwa ya akina mama wachache waliokuja mara nyingi huku wengine wakipotea baada ya siku ya kwanza. Na yule aliyepotea ndiye wa kutafutwa, kwa sababu mara nyingi ni yule yule anayekaa mbali, mwenye umri mdogo, au asiye na nauli. Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linapendekeza mama akutane na mtoa huduma mara nane katika ujauzito, kwa hiyo mahudhurio manne ni kiwango cha chini tu cha kuanzia.

Kuna wengine ambao hata hawamo katika wale 60: wajawazito wa kijijini ambao hawakufika kabisa. Daftari la zahanati haliwezi kuwaonyesha. Huonekana katika daftari la kaya la wahudumu wa afya ya jamii, MOH 513, ambalo sasa mengi yake yamehamishiwa kwenye simu walizopewa baada ya Rais William Ruto kuzindua mpango wa wahudumu 100,000 mnamo Septemba 2023. Kwa utaratibu wa wizara, mhudumu mmoja hutazamiwa kuwa na kaya kama 100. Wahudumu wa eneo la zahanati wakijumlisha wajawazito wanaowajua, halafu mkuu wa zahanati akaweka pembeni idadi ya walioandikishwa kliniki, tofauti itajitokeza mezani pale pale. Kaunti yenye watu 1,867,579 kwa sensa ya 2019, katika wadi 60, haiwezi kuwaona hao kutoka makao makuu. Wanaonekana kutoka kijijini.

Sehemu ambayo mimi naona inasahaulika kuliko zote ni kile mama anachopata akishafika. Malipo yakifungwa na hudhurio, hudhurio litapanda. Binadamu hufuata kinacholipwa, na mtoa huduma vilevile hukazania kinachohesabiwa. Mama anaweza kuketi kwenye benchi tangu saa mbili asubuhi, akagongewa muhuri katika kitabu, akaenda zake bila kupimwa presha kwa sababu mashine imeharibika. Kwenye ripoti amehudumiwa. Kama presha yake ilikuwa inapanda wiki ile, hudhurio hilo halikumwokoa.

Kwa hiyo fungua kitabu cha kliniki, kile cha mama na mtoto, na usome visanduku. Presha imeandikwa kila alipokuja? Mkojo umepimwa? Damu imepimwa wingi wake, na vipimo vya virusi vya Ukimwi na kaswende vimefanywa? Alipewa vidonge vya madini ya chuma na foliki? Kakamega ni eneo la malaria, hivyo mjamzito anatakiwa kumeza SP, dawa ya kuzuia malaria, kliniki kuanzia wiki ya 13, dozi zikiachana kwa mwezi angalau, zisipungue tatu kabla ya kujifungua, na apewe chandarua chenye dawa. Akina mama kumi wakikubali kwa hiari yao kuonyesha vitabu vyao, na saba wakawa hawana hata kipimo kimoja cha mkojo, hilo ni swali la vifaa vya maabara, na mkuu wa zahanati huenda akafurahi kwamba kuna watu wa kulipeleka mbele pamoja naye.

Kwa chanjo kuna hesabu fupi inayotumiwa na wataalamu kote duniani. Chanjo ya penta hutolewa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14. Chukua waliopata ya kwanza, toa waliopata ya tatu, gawa kwa waliopata ya kwanza, zidisha kwa 100. Watoto 50 wakianza na 42 wakamaliza, walioachia njiani ni asilimia 16. Ikizidi asilimia 10, kuna tatizo la kufuatilia: chanjo iliisha siku ya kliniki, mama alikemewa, au hakuambiwa tarehe ya kurudi. Jibu likija kuwa hasi, yaani waliomaliza ni wengi kuliko walioanza, kagua rekodi kwanza kabla ya kupiga makofi. Labda kuna makosa ya kuandika au watoto wametoka zahanati jirani.

Chanjo ya surua na rubela huja miezi 9 na 18, na hapo pengo hupanuka. Chanjo ya malaria, ambayo Kenya ilianza kuitoa Septemba 2019 katika maeneo ya magharibi, Kakamega ikiwemo, ilipangwa kwa miezi 6, 7, 9 na 24. Ile ya mwezi wa 24 ni mtihani mkubwa. Mtoto anakimbia uwanjani, anaonekana mzima, na pengine mama ana mimba nyingine. Kituo kinachowafikisha watoto wake hadi dozi hiyo kimejenga uhusiano na familia, na ukitaka kipimo kimoja tu cha ufuatiliaji, mimi ningechagua hicho.

Tarakimu zenyewe nazo zikaguliwe. Waliojifungua huandikwa katika rejista ya wodi ya wazazi, MOH 333, kisha hujumlishwa kila mwezi katika fomu ya MOH 711 na kuingizwa katika mfumo wa kitaifa wa takwimu za afya. Mwombe mkuu wa kituo mhesabu pamoja mwezi mmoja. Rejista ikisema 27 na fomu 34, ulizeni kwa upole. Wauguzi wawili wanaobeba kazi ya watu sita hukosea jumla usiku wa manane. Mjumbe wa kamati hana haja ya kusoma majina. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inaziweka taarifa za afya katika kundi la zile nyeti, na hali ya mama ikishatajwa barazani hairudi tena ndani. Ombeni jumla tu. Zahanati ndogo ihesabiwe kwa robo mwaka, maana penye wazazi wanane kwa mwezi, mmoja tu akienda kwingine asilimia inaruka sana.

Halafu waulizeni akina mama wenyewe. Ukimuuliza mama mbele ya sista, "Umeridhika na huduma?" atasema ameridhika, ni adabu, na pia anajua kesho atarudi pale pale. Aulizwe nyumbani, na mtu asiye mfanyakazi wa kituo, kwa maswali ya mambo yaliyotokea: "Mama, ulifika saa ngapi, ukaonwa saa ngapi? Kuna kitu ulitakiwa ununue nje? Uliambiwa dalili za hatari ni zipi? Uchungu ulipokushika usiku, ulikuta mlango wazi?" Majibu ya maswali hayo yanaweza kurekebishwa. Kuridhika peke yake hakumwambii mkuu wa kituo afanye nini Jumatatu.

Tahadhari moja kabla ya kusifu au kulaumu. Imarisha ulipoanza 2013, mwaka huo huo, Juni, serikali ya kitaifa ilifuta ada ya kujifungua katika hospitali za umma. Mama aliyejifungulia kituoni 2014 huenda alivutwa na hilo, na hizo 2,000, na barabara iliyotengenezwa, au na vyote. Vivyo hivyo, madaktari waligoma kuanzia Desemba 2016 hadi Machi 2017, na wauguzi wakagoma kwa miezi kadhaa mwaka huo wa 2017. Tarakimu zilizoshuka wakati huo hazimwelezi muuguzi wa zahanati yenu. Linganisha kituo na kituo jirani cha hali kama hiyo, na robo hii na robo kama hii mwaka jana, usilinganishe msimu wa mvua na kiangazi.

Mkishapata hesabu zenu, zina pa kwenda. Wahudumu wa afya ya jamii huwa na siku ya mazungumzo na wanakijiji kila robo mwaka, na yale madogo huishia hapo: saa za kufungua, foleni, lugha ya matusi. Yanayohitaji pesa yaende kwenye bajeti. Mpango wa maendeleo wa mwaka wa kaunti hupelekwa katika bunge la kaunti kufikia Septemba 1, mkakati wa fedha Februari 28, na makadirio ya bajeti Aprili 30. Ushirikishwaji wa umma hufanywa kuzunguka tarehe hizo. Mwakilishi wadi akipewa karatasi moja yenye tarakimu nne, 60, 38, 41, 19, na sababu walizotoa akina mama, ana kitu cha kusimama nacho katika kamati ya afya.

Ukinyimwa taarifa, andika barua kwa kutumia Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Taja unachotaka kwa usahihi: jumla ya waliojifungulia kituo fulani, mwezi kwa mwezi, kuanzia tarehe hii hadi ile. Afisa ana siku 21 za kujibu, au saa 48 ikiwa jambo lenyewe linahusu uhai au uhuru wa mtu. Asipojibu, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ukiambatisha nakala ya barua iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Kwa hiyo siku unapoipeleka, usiondoke dirishani kabla muhuri haujagongwa.