Jumatano: Mashahidi Langoni

Soma Ruthu 4:1–12. Boazi aliwaita akina nani? Ni mambo gani yaliyosemwa wazi kabla Ruthu hajawa mke wake?

Boazi alikuwa na nia njema, na Ruthu alimwamini. Hata hivyo hakumchukua nyumbani kwake kimya kimya. Alikwenda langoni pa mji, mahali ambapo mashauri yaliamuliwa, akaketi na wazee kumi. Habari za shamba la Elimeleki zikatajwa. Ndugu wa karibu, mwenye haki ya kwanza, akapewa nafasi ya kujibu. Alipokataa, alivua kiatu chake kama desturi ilivyokuwa, na watu wote wakawa mashahidi. Ndipo Boazi akamwoa Ruthu. Upendo na utaratibu vilikwenda pamoja, na waliolindwa zaidi ni wajane wawili, mmoja wao mgeni katika nchi.

Katika miteremko ya Mlima Meru nasi tunao wazee wanaoketi kabla ya ndoa. Mahari hutajwa na kuhesabiwa. Lakini mara nyingi kuna mambo yasiyotajwa. Nyumba itajengwa juu ya shamba la migomba la baba mkwe au kwenye ardhi ya wanandoa wenyewe? Kiwanja cha Ngaramtoni ambacho binti alikinunua kwa mshahara wake kabla ya uchumba kitabaki kwa jina la nani? Mkopo wa pikipiki utalipwa na nani? Watoto wa mke aliyefariki watarithi nini? Maswali haya yasipoulizwa na wachumba, siku moja huulizwa na hakimu.

Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 haiko kimya. Kifungu cha 58 kinaeleza kuwa ndoa peke yake haibadilishi umiliki wa mali ya mume wala ya mke, isipokuwa wenyewe wamekubaliana vinginevyo. Kifungu cha 59 kinazuia mmoja kuuza nyumba ya ndoa au kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake. Na mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilitambua kwamba kazi za mke nyumbani ni mchango katika kupata mali ya familia.

Soma Yohana 4:16–18. Yesu alisemaje na mwanamke aliyekuwa akiishi na mwanamume asiye mume wake?

Wengi mjini Arusha huishi "sogea tuishi," wakisema miaka miwili ikipita tayari ni ndoa. Ni kweli, kifungu cha 160 kinasema wanaoishi pamoja miaka miwili au zaidi, na kutambuliwa na watu kama mume na mke, hudhaniwa kuwa wameoana. Lakini dhana hiyo inaweza kupingwa mahakamani. Mwanamke aliyefyatua matofali pamoja na mwenzake, akauza mboga sokoni Tengeru ili bati lipatikane, anaweza kujikuta kaburini anaambiwa na ndugu wa marehemu kwamba yeye ni mgeni tu. Yesu hakumfukuza mwanamke Msamaria, wala hakuuficha ukweli. Kanisa nalo liwasaidie walio katika hali hiyo kufika kwenye agano, badala ya kuwasema pembeni.

Soma Mwanzo 31:48–53 na Yeremia 32:9–14. Kwa nini watu wa Mungu walihitaji lundo la mawe, hati na mashahidi?

Mwingine atauliza: je, kuandikiana si kupanga talaka kabla ya harusi? Inategemea kilichomo. Labani alitaka ahadi kwamba binti zake hawatateswa. Ahadi hiyo iliwalinda wasio na nguvu. Yeremia aliagiza hati zitiwe katika chombo cha udongo kwa sababu aliamini kesho ipo. Makubaliano yanayosema kweli kuhusu mali, madeni na watoto hujenga imani kati ya wawili. Yanayomnyang'anya mmoja, au kumwachia mwingine mlango wa kuondokea, yanapingana na kiapo cha madhabahuni. Na hata karatasi nzuri haiwezi kuchukua nafasi ya uaminifu, kwa maana Malaki 2:14 yasema Bwana mwenyewe ndiye shahidi.

Sheria hutaka taarifa ya kusudio la ndoa itolewe angalau siku 21 kabla. Ninyi mlio wachumba, msizimalize siku hizo kwa vikao vya michango na sare peke yake. Kila mmoja aandike mali na madeni yake, amwonyeshe mwenzake, kisha ketini na mchungaji na wazazi wa pande zote. Penye ardhi au watoto wa awali, mwombeni wakili awaandikie mliyokubaliana.

Maswali ya kujadili

1. Ni jambo gani ambalo wachumba wa kanisa lenu huona haya kuulizana? Nani anaweza kuwasaidia?

2. Mwenzi wako akifariki leo, ndugu zake wangejua ni nini chako na ni nini cha watoto? Unaweza kufanya nini juma hili?

3. Kanisa linawezaje kusimama na mjane anayetolewa shambani?