Uko Kidato cha Ngapi? Mafunzo Niliyopata Nikipima Furaha za Watu

Kwa misimu miwili nilifanya kazi ya udadisi, kwanza vijiji vya Newala, kisha Muheza, kishikwambi mkononi na orodha ya kaya mfukoni. Dodoso lilikuwa refu, lakini swali moja ndilo lililonikaa. Fikiria ngazi yenye vidato kuanzia sifuri chini hadi kumi juu. Juu kabisa ni maisha bora kuliko yote unayoweza kuwa nayo, chini kabisa ni maisha mabaya kuliko yote. Je, kwa sasa unajiona umesimama kidato cha ngapi?

Swali hilo ni la Mmarekani Hadley Cantril, aliyelieleza katika kitabu chake cha mwaka 1965. Kampuni ya Gallup huliuliza karibu dunia nzima, na majibu yake ndiyo yanayopanga nchi katika Ripoti ya Furaha Duniani, inayotolewa tangu 2012. Kwa hiyo tunaposoma kwamba nchi fulani ni ya kwanza kwa furaha, tunachosoma ni wastani wa vidato.

1. Neno “maisha” halina maana moja na “furaha”

Kaya yangu ya tatu Newala ilikuwa ya mama wa makamo. Nilimkuta mkekani na binti zake wanabangua korosho, kicheko chao nilikisikia tangu njiani. Shikamoo mama. Marahaba mwanangu, karibu. Nikauliza maswali hadi nikafika kwenye ngazi.

“Mbili,” akasema.

Nilidhani hakunielewa, nikalisoma swali upya, polepole. “Mbili, mwanangu. Maisha si unayaona?” Akaninyooshea kidole paa la nyasi na madumu ya maji yaliyopangwa ukutani. Maswali machache mbele nikamuuliza kama jana alicheka au kutabasamu sana. “Sana! Hata leo umetukuta tunacheka.”

Usiku ule sikulala mapema. Majibu yote mawili yalikuwa ya kweli, tena ya mtu yule yule, ndani ya robo saa. Sisi tunasema fulani kaenda mjini kutafuta maisha, fulani katoka kimaisha, maisha yamempiga. Hapo hakuna anayezungumzia moyo. Isitoshe, Mtanzania mtu mzima amelisikia neno “maisha bora” katika kampeni ya urais ya 2005, iliyoahidi maisha bora kwa kila Mtanzania. Ukimwambia afikirie maisha bora, picha anayo tayari.

Gallup hiyo hiyo huuliza pia kuhusu jana: ulicheka, ulipumzika vya kutosha, uliheshimiwa? Ukizipanga nchi kwa majibu hayo, orodha inabadilika sura, na nchi za Amerika ya Kusini kama Paraguay zimewahi kukaa juu kabisa. Mtu akikuletea orodha ya furaha, muulize kwanza watu waliulizwa nini.

2. Chora ngazi chini

Muheza, mzee mmoja alinijibu kwa sauti ya chini: “Mimi sikufika kidato chochote. Niliishia darasa la saba.” Aliona haya, nami niliumia kwamba swali langu limemfikisha hapo. Tangu siku hiyo nilichukua kijiti nikachora ngazi mchangani kabla ya kutamka neno kidato.

Lakini hata mchoro una lake. Ngazi kwetu ni cheo pia: ngazi ya mshahara, ngazi ya mkoa, ngazi ya taifa. Mwaka 2024 ulichapishwa utafiti ulioonyesha kwamba hata wanaoulizwa kwa Kiingereza, picha ya ngazi huwapeleka kwenye mali na mamlaka. Ikiondolewa, wanafikiria mengine zaidi.

3. Angalia nani anasikiliza

Kanuni inasema mhojiwa ahojiwe faraghani. Kijijini faragha huitafuti ukaipata hivi hivi. Mume anavuta kigoda, mjukuu anakaa mlangoni, jirani anapita kuomba chumvi na hapiti tena. Dada mmoja alinijibu saba mbele ya mumewe. Mume alipoondoka kufuata mbuzi, akaniambia taratibu, “Andika tatu.” Nikaandika tatu.

Wengine wanashusha badala ya kupandisha. Nani atajitangazia nane mbele ya majirani wenye shida? Anaogopa kijicho, na anaogopa kukopwa. Na salamu zetu zimetufundisha kujibu kabla hatujafikiri: hujambo, sijambo, hata mgonjwa wa kitandani ni “sijambo kidogo”. Maswali ya mwanzo ya dodoso huangukia kwenye adabu hiyo. Ukiwa mvumilivu, ya mwisho huwa na mtu ndani yake.

4. Msimu unajibu pia

Mkulima wa korosho kabla ya malipo na mkulima huyo huyo baada ya malipo ni wahojiwa wawili. Ripoti ya dunia huchukua wastani wa miaka mitatu, kwa kawaida watu wapatao 1,000 kila nchi kwa mwaka, na hilo hupunguza mawimbi. Hata hivyo nchi zinazofuatana zinaweza kutenganishwa na sehemu ndogo sana ya kidato. Sioni sababu ya kusherehekea kupanda nafasi mbili.

5. Tafuta asiyeulizwa

Niliipenda sana habari ya Bhutan. Mfalme Jigme Singye Wangchuck, tangu miaka ya 1970, alisema furaha ya taifa ina uzito kuliko pato lake, na leo wana vigezo 33 katika nyanja tisa, mpaka muda wa kulala. Baadaye nikasoma kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1990 watu wapatao 100,000 wa nchi hiyo wenye asili ya Kinepali waliishia kambini Nepal. Huwezi kumhoji mtu uliyemfukuza.

Sisi nasi tulikuwa na wetu: nyumba zilizofungwa, vijana walio mgodini, wavuvi walioko dago. Waliohama kwa dhiki hawamo katika wastani wa kijiji.

6. Usiitupe namba kwa sababu imekuuma

Tanzania ilikuwa ya 153 mwaka 2017, 2018 na 2019. Katika ripoti ya 2018 ilipata 3.3, Uganda 4.2, Kenya 4.4, Finland ya kwanza 7.6. Watu walikasirika. Sisi wa ngoma na vicheko? Nami niliwafariji kwa fundisho langu la kwanza: ni lugha tu, ni neno “maisha”.

Nilikosea. Ripoti hiyo hiyo ya 2018 iliwatazama wahamiaji katika nchi 117, na Finland ikawa ya kwanza kwao pia. Watu waliozaliwa kwingine, wenye lugha zao na haya zao, walijiweka vidato vinavyokaribiana na vya wenyeji wao. Lugha haitoshi kueleza hilo. Mahali pana uzito wake: maji, tiba, ofisi isiyodai rushwa, mtu wa kumkimbilia usiku.

Mama yule wa Newala alikuwa ameshanieleza, sikumsikia vizuri tu. Nilipofunga kishikwambi, nilimuuliza kwa nini mbili. Hakutaja gari wala nyumba ya ghorofa. Alitaja bondeni anakoteka maji tangu alfajiri. Alitaja zahanati ya mbali, na binti aliyefaulu ambaye shule yake inahitaji nauli. Nikamuuliza nini kingempandisha.

“Bomba likifika pale kwenye mwembe,” akasema, akiendelea kubangua, “rudi uniulize. Nitakwambia nne.”