Ugonjwa wa Akili, Polisi na Bunduki: Maswali ya Wakazi wa Kibera na Kawangware

Mtu akichafukwa na akili usiku kwenye ploti, wengine hukimbilia kamba, wengine humpigia chifu. Aliye na kumbukumbu ya habari za Marekani kuhusu bunduki huuliza pia: akilazwa, jina lake litaandikwa wapi? Majibu haya yanatokana na sheria za Kenya.

Nani anaweza kumpeleka mtu hospitalini bila ridhaa yake?

Sheria ya Afya ya Akili (Sura ya 248) ya mwaka 1989, iliyorekebishwa 2022, ina njia mbili. Ya kwanza ni ya familia: mume, mke au jamaa huomba mgonjwa alazwe, na daktari aliyempima hutoa pendekezo. Ya pili ni ya dharura: polisi, chifu au naibu wa chifu anaweza kumchukua mtu anayeonekana kuwa mgonjwa wa akili na aliye hatari kwake mwenyewe au kwa wengine. Ugomvi wa kodi au wa ndoa si ugonjwa, na asitokee mtu akaitumia sheria hii kulipiza kisasi.

Polisi wanaweza kukaa naye kwa muda gani?

Seli si wodi. Sheria inataja saa 24 za kumfikisha hospitalini, na hospitali inaweza kumlaza kwa dharura hadi saa 72 ili apimwe. Mkifika kituoni, kwa mfano Muthangari kwa watu wa Kawangware, omba tukio liandikwe kwenye kitabu cha matukio (OB) na upewe namba yake. Chukua karatasi uandike saa mliyofika na dawa anazotumia. Saa zikiyoyoma bila hatua, mwone mkuu wa kituo ukiwa na namba hiyo. Si lazima kuanzia hospitali ya akili ya Mathari. Wakazi wa Kibera wako karibu na Hospitali ya Mbagathi, na daktari anaweza kumwandikia mgonjwa rufaa.

Majirani wamemfunga kamba. Je, inaruhusiwa?

La. Kumpiga, kumtesa au kumtelekeza mgonjwa wa akili ni kosa. Ondoeni visu na mafuta ya taa, punguzeni umati mlangoni, na abaki naye mtu mmoja anayemwamini hadi msaada ufike.

Aliyejaribu kujiua atashtakiwa?

Kwa miaka mingi kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilimfanya mhalifu, na familia zikamficha. Tarehe 9 Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Mpelekeni hospitalini bila hofu.

Akitibiwa, jina lake litapelekwa kwa wanaotoa leseni za bunduki?

Marekani ina mfumo wa taifa wa kukagua wanunuzi wa bunduki, ulioanza 1998. Aliyelazwa kwa lazima kwa ugonjwa wa akili huzuiwa kununua, na majimbo mengi hupeleka majina kwenye mfumo huo. Kenya ni tofauti. Sheria yetu ya afya ya akili haiagizi hospitali kupeleka jina la kila mgonjwa kwa Bodi ya Leseni za Silaha. Tena, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu habari za afya kuwa nyeti. Asiogope mtu kutafuta tiba.

Basi nani huzuia bunduki isifike mikononi mwa asiyefaa?

Sheria ya Silaha (Sura ya 114) inakataza kumpa leseni mtu asiye na akili timamu, mlevi, au asiyefaa kukabidhiwa silaha kwa sababu yoyote. Leseni iliyokwisha kutolewa inaweza pia kufutwa. Lakini Bodi haiwezi kujua yanayotokea chumbani mwako. Anayeona mabadiliko kwanza ni mke, mume, mama au jirani.

Mwenye bunduki nyumbani amebadilika. Tufanye nini?

Desemba 2021, askari wa kituo cha Kabete, si mbali na Kawangware, alimuua mkewe na watu wengine kwa bunduki, kisha akajiua. Bunduki ya serikali nayo hulala majumbani mwetu, na haisimamiwi kwa leseni ya Bodi.

Akianza kutishia, kukosa usingizi au kuzungumzia kifo, msijaribu kumnyang'anya silaha. Ondokeni na watoto, mpige 999 au 112, na mtamke wazi kwamba ana bunduki. Kama ni askari, mjulisheni mkuu wake. Kama ni raia, toeni taarifa kituoni na muombe leseni yake iangaliwe upya.

Kuna wanaonyamaza wakihofia kumharibia kazi. Kazi hurudi, waliopigwa risasi hawarudi. Na kwa ushauri wa mapema, kabla mambo hayajafika kwa polisi, namba 1199 ya Msalaba Mwekundu hupigwa bila malipo.