Mbwa Asiyebweka

Mwalimu mlezi wa chama chetu ameniagiza niandike somo juu ya hadithi za upelelezi. Nadhani amenichagua mimi kwa sababu nimekwisha kunyang'anywa vitabu viwili vya aina hiyo katika kipindi cha hesabu. Haidhuru, kazi ni kazi.

Swali ninalotaka tulijadili ni hili. Hadithi ya upelelezi ni kama kitendawili, na kitendawili kikishateguliwa utamu wake umekwisha. Mbona basi watu wanaendelea kusoma hadithi za aina hii zilizoandikwa zaidi ya miaka mia moja iliyopita, tena wengine wanazirudia ilhali mwuaji wanamjua?

Mwanzo wake ni Marekani. Mwaka 1841 Edgar Allan Poe alitoa hadithi ya mauaji katika nyumba moja mjini Paris, na mtu aliyeyatatua kwa kufikiri tu aliitwa Dupin. Kisha akaja daktari mmoja wa Scotland, Arthur Conan Doyle, aliyemtoa Sherlock Holmes kwa mara ya kwanza mwaka 1887. Huyu Holmes hakutoka hewani. Chuoni Edinburgh Doyle alifundishwa na Dakta Joseph Bell, ambaye alikuwa akimtazama mgonjwa mikono na mavazi akamwambia kazi anayofanya kabla mgonjwa hajafungua kinywa. Doyle alipochoshwa na Holmes alimwua, mwaka 1893, kwenye maporomoko ya maji huko Uswisi. Wasomaji wakaja juu kama moto wa kifuu, na miaka kumi baadaye ikambidi amfufue! Jumla aliandika riwaya 4 na hadithi fupi 56 za Holmes. Agatha Christie naye alifanya kazi ya kutengeneza dawa hospitalini wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, ndiyo maana katika vitabu vyake vingi sumu haikosi. Mchezo wake wa kuigiza, The Mousetrap, ulianza London mwaka 1952 na haujaachwa kuchezwa hadi leo, isipokuwa pale kumbi zilipofungwa kwa sababu ya Korona. Mwisho wa mchezo watazamaji huombwa wasiende kutoboa siri nje.

Sasa turudi kwenye swali. Mimi naona mwandishi mzuri wa upelelezi anakuonyesha kila kitu, halafu anakuacha ujidanganye mwenyewe. Jambo hili liliwekwa hata katika sheria. Mwaka 1929 padre mmoja Mwingereza, Ronald Knox, aliandika amri kumi za hadithi hizi. Mhalifu lazima atajwe mapema. Mizimu na miujiza haina nafasi. Na mpelelezi akiona dokezo, msomaji naye lazima alione. Kwa hiyo ukishindwa huna wa kumlaumu, umeshindwa kwa haki.

Mfano ninaoupenda ni hadithi ya Silver Blaze ya mwaka 1892. Farasi wa mashindano ameibwa usiku na mwalimu wake amekutwa mbugani amekufa. Polisi wanamkamata mtu mmoja upesi, na kweli huwezi kuwalaumu. Jioni ile alikuwa ameonekana akinyemelea zizi akiuliza habari za farasi. Ni mcheza kamari. Ana fimbo nzito yenye risasi ndani. Isitoshe, skafu yake imekutwa mkononi mwa maiti! Niliposoma hapo nilisema, mwizi ndiye huyu, hebu tulale.

Lakini ndani ya zizi mlikuwa na mbwa. Usiku mtu aliingia akamtoa farasi, na vijana wawili waliolala darini hawakuamka. Yaani mbwa hakubweka. Inspekta aliliona jambo hilo kuwa si neno, maana mbwa hakufanya kitu. Holmes akasema hapo ndipo penye neno. Mbwa gani huyo asiyembwekea mgeni? Halafu kuna chakula. Kijana wa zamu alilishwa afyuni ndani ya mchuzi wa kondoo uliokolea bizari, na bizari ndiyo iliyoficha ladha. Je, yule mcheza kamari, mtu wa kuja, angewezaje kujua au kuamua kwamba usiku ule hasa jikoni patapikwa mchuzi wa bizari? Mwizi simtaji, kasomeni wenyewe. Ila niliporudi nyuma nilikuta mchuzi umetajwa wazi, na mbwa vilevile. Nilipita juu yao mbio kama matatu inayokimbilia abiria wa mbele.

Hapa naomba radhi nitoke kidogo nje ya kitabu. Tulipokuwa kidato cha pili tulichanga pesa za safari ya mashindano ya Kiswahili, shilingi 640. Mweka hazina wetu alizitia katika bahasha, bahasha ikawa ndani ya dawati lake lenye kufuli. Ijumaa baada ya mapumziko akafungua dawati, bahasha hakuna. Kelele! Mwenzetu mmoja alikuwa amebaki darasani peke yake wakati wa mapumziko. Tena wiki ile alikuwa amerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo, na viatu vyake vilikuwa vimeacha vidole nje. Jumatatu akaja na viatu vingine, vyeusi, vinang'aa.

Mimi ndiye niliyesimama mbele ya darasa nikaunganisha habari hizo moja moja, ati kama Holmes. Alibaki peke yake. Ana shida ya pesa. Ana viatu vipya. Na tazameni anavyotembea kwa maringo. Kuna aliyeuliza kuhusu kufuli, maana haikuvunjwa na ufunguo ulikuwa shingoni mwa mweka hazina, nami nikajibu upesi kwamba kufuli kama ile hufunguliwa kwa pini. Darasa likanipigia makofi. Jumanne mwenzetu hakuja shule.

Jumatano mwalimu wa jiografia akaturudishia madaftari aliyoyakusanya Ijumaa asubuhi. La mweka hazina lilipofunguliwa, bahasha ikaanguka sakafuni. Shilingi 640, hazikupungua hata senti. Asubuhi ile alikuwa amekumbatia bahasha na daftari pamoja, akavichanganya. Na Ijumaa sote tulikuwapo madaftari yalipokusanywa. Kufuli ilikuwa mbwa wetu, na haikubweka.

Alhamisi nilimwendea karibu na bomba la maji kumwomba msamaha. Hakunijibu neno. Alivua kiatu kimoja akanionyesha ndani: karatasi za gazeti zimeshindiliwa mbele. Viatu vilikuwa vya kaka yake, vya zamani, vimepakwa rangi tu, na vilimpwaya. Yale maringo niliyoyaona ilikuwa ni mtu anayeburuta miguu ili kiatu kisimtoke. Nililitazama dokezo siku nzima ya Jumatatu na nikalisoma kinyume. Tangu siku hiyo, nikisoma hadithi ya upelelezi na mtu akakamatwa mapema, moyo hunidunda kwa sababu nyingine kabisa. Pengine ndiyo maana sichoki kuzirudia.

Namalizia na mpelelezi wetu wa Kiswahili, kwa maana wengine mtasema mambo haya ni ya Wazungu. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, aliyezaliwa mwaka 1918 na kufariki mwaka 1991, alishinda mashindano ya uandishi wa hadithi ya 1957–58 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, na kitabu kikatoka mwaka 1960. Mpelelezi wake ni Bwana Msa, mtu wa kiko, na rafiki yake Najum yuko kando yake kama Watson alivyokuwa kwa Holmes. Jina Msa, kama hukutambua, ni herufi za kwanza za majina ya mwandishi! Maiti inakutwa penye mzimu, mahali ambapo watu wangesema upesi kwamba ni kazi ya mizimu, kesi imekwisha. Bwana Msa hataki habari hizo. Anatafuta binadamu. Visome pia Kisima cha Giningi na Siri ya Sifuri, lakini mtafurahi zaidi mkianza na hicho cha kwanza.

Nakala moja ya Mzimu wa Watu wa Kale imo katika kabati la chama, ukurasa wa mwisho umeshikiwa na gundi. Tahadhari moja tu. Kuna mwanafunzi wa zamani aliyeandika jina kwa kalamu ya risasi kwenye jalada la ndani, na mbele yake akatia "MWUAJI". Nimejaribu kulifuta, bado linaonekana. Msiudhike mkiliona, kwa sababu nimekisoma kitabu mara mbili, na si yeye.